Jina Nililoliruka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua ya kwanza ilinyesha jana jioni. Leo asubuhi Mama Lata alifungua mlango wa duka, akanusa hewa, akasema, "Jethro, wamama watakuja. Andika majina."

Nimeanza daftari jipya kama ninavyofanya kila masika. Huu ni mwaka wa kumi na moja nikidarizi majina kwenye shali za watoto wachanga katika duka lake, hapa Kisii mjini. Mvua na baridi ndizo zinazouza shali. Lakini nyanya anayekwenda kumtoa mkaza mwana wake hospitalini hana muda wa kungoja jina lidariziwe. Anataka alione limetundikwa ukutani, aseme "Nipe hilo," aende zake. Kwa hiyo ni lazima tujue, kabla watoto hawajazaliwa, wataitwa nani.

Mama Lata na mimi hushindana. Kila mmoja anaandika majina kumi. Mwisho wa Mei tunahesabu shali zilizobaki ukutani, na mwenye nyingi anawanunulia watu wote wa duka sambusa.

Jumanne, 4 Machi

Njia ya Mama Lata ni kusikiliza. Yeye anashughulika na majina ya kanisani na ya kizungu. Anakaa nyuma ya kaunta na kusikia jinsi wamama wanavyowakaripia watoto wao. "Jina linalokaripiwa leo lina miaka minne," anasema. "Hilo limeisha. Sikiliza mtoto wa nesi anaitwaje, mtoto wa mwalimu anaitwaje. Hayo ndiyo yanakuja." Mwaka jana alisema Jayden limechoka na Ariella linakuja. Nilimcheka. Sambusa nilinunua mimi.

Njia yangu ni matanga. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu wa ukoo aliyefariki. Jina la aliye hai haligawiwi. Ni kama kumwambia apishe. Basi anayetaka kujua majina ya mwaka huu asome vifo vya mwaka jana. Nakusanya vijitabu vya mazishi, nasikiliza matangazo ya vifo redioni, na ninaandika katika safu nne: jina la marehemu, kijiji, idadi ya wana waliooa, na wakaza mwana walio chini ya miaka thelathini na mitano. Gesare mmoja alizikwa Keumbu mwezi wa Septemba. Aliacha wana saba. Hizo ni shali nne au tano, wakaza mwana wasipogoma.

"Watu wengine wanasoma matokeo ya mpira," Mama Lata ananiambia. "Wewe unasoma maiti."

Orodha yangu: Gesare, Kemuma, Bitutu, Bochaberi, Nyanchera, na matano ya wavulana. Nimeanza na Gesare.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Stima ilipotea saa nne hadi saa tisa. Nilipanga nyuzi.

Jumamosi, 8 Machi

Baada ya ibada ya Sabato Roselyne alipiga simu kutoka Ekerenyo. Binti yangu ni mjamzito, atajifungua katikati ya Mei. Mtoto wake wa kwanza alipata jina la upande wa mume wake Obwocha. Anaitwa Nyangau, kama marehemu babu yao. Wa pili ni zamu yetu.

"Tata," alisema, maana ndivyo anavyoniita mimi baba yake, "wewe si ndiye mtabiri? Huyu ataitwa nani?"

Nilimwambia tungoje tuone kama ni msichana. Tukazungumza juu ya majani chai.

Jumanne, 11 Machi

Nimepiga nambari ya Bosibori. Haipatikani.

Naandika hapa kwa mpangilio, kwa sababu daftari jipya halijui. Mke wangu Bosibori alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani mwezi wa Februari 2019. Tulizungumza mara ya mwisho tarehe 11 Agosti 2020. Alisema anabadilishiwa nyumba, atapiga akifika. Wakala aliyempeleka alihama ofisi. Nimekwenda Nairobi mara tatu. Nimeandikisha jina lake kila mahali ambapo jina huandikishwa. Kila tarehe kumi na moja napiga. Sauti ya mwanamke inanijibu kwa Kiarabu. Sijui Kiarabu, lakini maneno yale matano nimeyahifadhi.

Jumatatu, 17 Machi

Mama mmoja wa Kiogoro aliangalia ukuta wote, kutoka mlangoni hadi kwenye kioo.

"Fundi, hamna Bosibori?"

"Hatuna."

"Haki? Na ni jina la kawaida hivi?"

Mama Lata aliinua macho kutoka kwenye kaunta. Yule mama alinunua shali tupu akaenda.

Alhamisi, 20 Machi

Gesare mbili zimetoka leo. Ariella tatu. Mama Lata anaimba.

Jumatatu, 24 Machi

Mwingine ameuliza Bosibori. Huyu alitaka mbili, ya mkaza mwana wake na ya jirani.

Alipotoka, Mama Lata alinyoosha mkono. "Leta daftari ya maiti."

Nilimpa. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu zangu. Nilijua atakachokiona. Mwaka jana niliandika Bosibori watatu: mmoja wa Nyamira, wawili wa huku, na mmoja wao ana wana sita. Kwa hesabu yangu mwenyewe lingekuwa jina la pili baada ya Gesare.

"Mbona haiko kwenye orodha?"

"Nilikosea hesabu."

"Wewe? Wewe uliniambia uzi mweupe utaisha Alhamisi, na ukaisha Alhamisi." Alifungua kabati akatoa orodha za miaka iliyopita, anazihifadhi zote kwenye bahasha moja. Akasoma, akageuza, akasoma. "Miaka minne, Jethro. Unaliruka miaka minne."

Nilidhani atanigombeza kwa ajili ya wateja. Alikwenda nyuma akachemsha chai, akarudi na vikombe viwili.

"Kwetu Wahindi jina inatoka kwa shangazi," alisema. "Kuhani anaangalia saa ya kuzaliwa, anatoa herufi. Shangazi anachagua jina ya herufi hiyo. Kijana yangu Neel alipata mtoto huko Kanada. Binti yangu Reena, ndiye shangazi, alikaa na simu wiki nzima. Alikuwa na herufi K, na majina sita kwenye karatasi. Neel akapiga. 'Tumeshaandikisha, dada. Anaitwa Oliver.'"

"Reena alisemaje?"

"Alisema jina mzuri. Karatasi bado iko kwenye pochi yake."

Tukanywa. Kisha akachukua kalamu, akafuta Ezra kwenye orodha yake na kuandika Bosibori mahali pake. "Sasa ni jina yangu. Utadarizi, ama niite fundi mwingine?"

Nilisema nitadarizi, shali mbili. Herufi nane. Nilizimaliza saa kumi na moja jioni, na kazi hiyo kwa kawaida ni ya dakika ishirini.

Jumanne, 25 Machi

Bosibori zote mbili zimeuzwa kabla ya saa sita. Mama Lata aliendelea kuhesabu chenji, na nilimshukuru.

Alhamisi, 3 Aprili

Cleophas alikuja dukani, amelowa hadi magotini. Ni kaka yake Bosibori, anakaa Kiogoro. Tulisimama chini ya kipaa cha duka kwa sababu hakutaka kuongea mbele ya wateja.

"Shemeji, mama yetu amezeeka. Anauliza kila siku. Roselyne akipata msichana, si ampe jina?"

"Jina la nani?"

"Usinifanye niliseme barabarani."

"Cleophas, dada yako hajafa."

"Nani amesema amekufa? Nasema jina lisipotee."

"Kwetu mtu aliye hai hagawiwi jina lake. Unajua. Siku mtakapompa mtoto, mmemzika."

Aliangalia maji yakipita kwenye mtaro. "Miaka mitano, Jethro. Hata matanga hatujafanya. Mama yangu anapika, anakula, lakini hajui kama ni mfiwa ama ni mama wa msafiri. Wewe unajua wewe ni nani?"

Nilimwambia nina kazi. Nilirudi kwenye mashine nikaharibu Kemuma nzuri kabisa. Nilirudia herufi ya kwanza mara mbili.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimepiga. Haipatikani.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua ya mawe. Migomba ya jirani imechanika yote. Hakuna mteja hata mmoja.

Jumanne, 22 Aprili

Nimefikiri kwa utaratibu. Mama yangu, Nyangate, alifariki mwaka 2000 Roselyne akiwa na miaka miwili. Roselyne ni mtoto wangu wa pekee, kwa hiyo hakuna aliyepata jina la mama yangu. Mama amengoja miaka ishirini na mitano. Kwa haki na kwa hesabu, msichana akizaliwa ni Nyangate.

Nimedarizi shali ya manjano, NYANGATE kwa uzi wa kijani kibichi, na maua mawili pembeni. Nimeifunga vizuri na kuituma Ekerenyo kwa mwendesha boda ninayemwamini. Kazi safi. Nimelala vizuri.

Ijumaa, 25 Aprili

Naandika haya ili nisijidanganye baadaye.

Saa tatu asubuhi Persis, mama yake Obwocha, alinipigia simu. "Korera," alisema, maana ndivyo tunavyoitana sisi wazazi ambao watoto wetu wameoana, "tumepokea. Tumefungua. Tumeona."

"Mmeipenda?"

"Shali ni nzuri. Lakini korera, kwenu mnapeleka jina mbele ya mtoto? Kwetu mtoto anafika kwanza, halafu watu wanakaa, wanaulizana. Sasa wewe umetuma jina kama mtu anatuma barua. Mtu akidarizi, si ameamua? Nimemwambia Rose, baba yako ameamua, ni Nyangate. Ameingia chumbani na hajatoka."

Hapo ndipo nilipoona nilichokifanya. Miaka kumi na mmoja natengeneza majina kabla ya watoto, mpaka nimesahau kwamba hiyo ni biashara, si desturi. Hakuna mzee yeyote wa kwetu ambaye angetuma jina kwa mtoto ambaye bado yuko tumboni. Mimi nilituma, na kwa uzi.

Roselyne alipiga saa nane. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwao na kwetu, ikabidi tuongee kwa sauti kubwa maneno ambayo yalipaswa kusemwa polepole.

"Tata, kwa nini hukuniuliza?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Umenipa jina la mtu nisiyemkumbuka ili usisikie jina la mtu ninayemkumbuka."

Nilisema nyanya yake alikuwa mwanamke mzuri.

"Najua. Sijakataa nyanya. Lakini tangu mwaka wa 2020 hujataja jina la mama ndani ya nyumba hata siku moja. Unasema 'yule.' Unasema 'nambari ile.' Nilifunga ndoa, mchungaji akauliza mama wa bibi harusi anaitwa nani, ukaangalia kofia yako. Mjomba Cleophas ndiye alijibu. Unakumbuka?"

Nakumbuka.

"Kwa hivyo unataka tumzike," nilisema.

"Nataka kumwita!" Alilia, na nikasikia Nyangau mdogo akimuuliza kitu. Alipomaliza kumtuliza alirudi na sauti nyingine, ya mtu aliyechoka. "Mimi sitachagua. Nikisema ni Bosibori, utasema nimemuua mama yangu. Nikisema ni Nyangate, nitamwita hilo jina kila siku nikijua ni pazia. Mtoto akifika utakuja, utasema wewe. Utakalosema, nitalikubali."

Akakata.

Nimekaa hapa tangu jioni. Nimelijaribu jina la mama yake kwa sauti, niko peke yangu. Limetoka dogo, kama la mtu ninayemwogopa.

Jumatatu, 28 Aprili

Kazi. Bitutu mbili, Malkia moja. Malkia ni la Mama Lata. Nilisema halitanunuliwa. Limenunuliwa.

Jumanne, 6 Mei

Yule mama wa Kiogoro aliyekosa shali mwezi wa Machi alirudi leo, na kumbe binti yake alijifungua wiki ileile na mtu mwingine akamletea mojawapo ya zile nilizodarizi baadaye. Aliingia na mtoto amefungwa ndani ya shali hiyo, uso tu unaonekana. Alimweka juu ya kaunta, karibu na mashine yangu.

"Bosibori, msalimie fundi. Ndiye alikuandika. Eh, Bosibori! Usilale mbele ya watu."

Niliinua kichwa kabla sijafikiri. Mwili wangu wote uliitika. Nilifuta macho kwa kiganja.

"Fundi, ni vumbi?" mama aliuliza.

"Ni vumbi," Mama Lata alisema haraka. "Duka iko na vumbi sana." Mvua imenyesha miezi miwili, hakuna vumbi popote wilaya nzima.

Walipoondoka sikuona aibu, ingawa ningepaswa. Nilichotaka ni yule mama arudi, amkaripie mtoto tena.

Jumapili, 11 Mei

Nimepiga. Haipatikani.

Jumamosi, 17 Mei

Obwocha alinitafuta kwa simu nikiwa kanisani. Msichana. Kilo tatu na nusu, hospitalini Nyamira, wote wazima. Nilimwomba nizungumze na Roselyne. "Amelala, mzee," akasema. Nilimsikia Roselyne nyuma yake, hajalala.

Jumatano, 21 Mei

Mama Lata ameniuliza mara moja tu: "Umeshaamua?"

Nilimwambia kwamba nikisema Nyangate, nitakuwa nimeshika desturi na kumpoteza binti. Nikisema Bosibori, nitakuwa nimetangaza msiba ambao hakuna aliyeniletea.

"Hiyo ni njia mbili," alisema. "Ni nani alikuambia ziko mbili?"

Alikwenda kumhudumia mteja, na hakurudia tena.

Jumapili, 25 Mei

Nimefika Ekerenyo saa tano. Barabara ya kutoka sokoni ilikuwa tope tupu; nilivua viatu na kuvibeba. Persis alinipokea kwa beseni la maji, akaniosha kwa maneno.

"Korera, mtoto ana siku nane anaitwa 'huyu.' Paka wetu ana jina. Ng'ombe ana jina. Juzi mjumbe wa kanisa aliuliza tumwombee nani, nikasema mwombee huyu."

"Nimechelewa. Unisamehe."

"Nitakusamehe ukisema jambo."

Walikuwa wanne sebuleni: Persis, Obwocha, Nyangau mdogo na Roselyne amekaa kwenye kiti cha kona na mtoto ndani ya blanketi la kawaida. Shali yangu ya manjano ilikuwa imekunjwa juu ya meza, vizuri, kama kitu cha mgeni kilichosahauliwa. Roselyne alinisalimu kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyoniuma. Aliniwekea mtoto mikononi. Ana paji la uso la mama yangu. Nililiona, na nikaogopa kwamba nitapata kisingizio.

Kwanza nilimpigia Cleophas na kuweka simu mezani ili asikie, kwa sababu ni damu yao pia. Kisha nikasema.

"Mtoto anaitwa Bosibori."

Roselyne alifunga macho. Persis alivuta kitambaa chake kichwani, akainamisha uso kama tunavyofanya tukiingia kwenye boma lenye msiba. "Basi pole sana, korera," alisema polepole. "Pole. Umebeba kwa muda mrefu."

"Hapana, usinipe pole. Sijasema amekufa. Sijui. Nikisema najua, nitakuwa mwongo. Nasema mtoto huyu anaitwa Bosibori. Yule mwingine akirudi, watakuwa wawili."

"Korera," Persis alisema, "hilo halifanywi."

"Najua. Nimeandika majina ya watu miaka kumi na mmoja. Sijaliona hata mara moja."

"Na akirudi? Akifika hapo mlangoni na sanduku lake, aulize ni nani amemgawia mtu jina lake naye yu hai?"

"Mwambieni ni Jethro. Aje anigombeze."

Cleophas akasema kutoka kwenye simu, "Atakugombeza kweli, shemeji. Unamjua yule."

Roselyne alianza kucheka na kulia pamoja, mpaka Obwocha akampokonya chai isimwagike. Persis alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akapima jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kulipima. Mwishowe alitoa kitambaa kichwani.

"Haya. Wazee wa kanisa wakiniuliza, nitasema ni mambo ya watu wa Kisii mjini." Akamgeukia Roselyne. "Mpe Bosibori titi, anatafuta."

Ndivyo ilivyokuwa siku nzima. Majirani walikuja na uji na mayai. Bosibori amelala? Bosibori ana haja, leteni nguo. Funga mlango, Bosibori atapata baridi. Nyangau alikwenda hadi kwenye majani chai na kuwapigia kelele wachumaji: "Bosibori yuko nyumbani!" Nilikaa kwenye benchi kando ya mlango na vikombe vitatu vya chai ambavyo sikuvimaliza. Kwa miaka mitano sikuwa nimelisikia jina hilo nyumbani kwetu isipokuwa katika maswali; leo lilikuwa katika sentensi za kawaida, za maziwa na mlango na baridi.

Wingu lilianza kufunga upande wa Nyamira. Obwocha aliniuliza kama sichelewi, maana boda zitaacha kupanda tope likizidi. Baada ya nusu saa akaniuliza tena.

Nilimwambia angoje kidogo.